Utepe Usikatwe Kabla Mwantum Hajatoka

Mgeni rasmi, wazee wetu, na ninyi majirani wa Nzuguni,

Karibu sana. Utuwie radhi kwa mapokezi haya ya kunong'ona. Kina mama wa ngoma wamefika tangu asubuhi, tukawaomba wakae kule barabarani, na wamenuna. Wana haki. Lakini ndani ya chumba hicho mwenzetu Mwantum yuko na tanuri, na tanuri halitaki mtikisiko.

KAZI YETU

Sisi tunaotesha utando mwembamba wa ganeti, aina ya fuwele yenye usumaku. Oksidi za chuma na za metali adimu iitwayo itriamu huyeyushwa pamoja na risasi katika chungu cha platinamu mpaka ziwe uji, kisha huzamishwa humo kipande cha fuwele kilichosuguliwa kikang'aa. Ganeti hujipanga juu yake ikifuata mpangilio wake, safu juu ya safu, mpaka inakuwa fuwele moja isiyo na kiungo. Mawimbi ya sumaku hupita humo yakibeba taarifa bila mkondo wa umeme, na ndiyo sababu vifaa vya namna hiyo havitapata moto kama simu zetu.

Ugumu ni kwamba uji ule hupozwa chini ya joto la kuganda, nao bado haujaganda. Unangoja kisingizio tu. Punje ya vumbi inatosha, na vumbi la Dodoma unalijua.

TULICHOPATA

Utando mmoja mzuri, mdogo kuliko ukucha. Aliyeuotesha ni Mwantum, binti wa Kondoa. Siku hiyo aliuinua kwenye mwanga, akacheka peke yake: "Jamani, umekubali!"

TULIPOKOSEA

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka jana alikuja mgeni mwingine, nasi tukafuata desturi: tukafagia, tukapaka rangi, tukataka kuufungua mlango ili wapiga picha waone tanuri likifanya kazi. Mwantum alitusihi tusifungue. Mkuu wetu, Mzee Methusela, akamjibu, "Mwanangu, mgeni hafungiwi mlango."

Upepo ukaingia kabla ya mgeni. Uji ukajaa fuwele za hovyo na utando ukaharibika. Picha zilitoka nzuri. Mwantum alikisafisha chungu, akifuta machozi kwa kiwiko kwa kuwa glavu zake zilikuwa na risasi ya uji ule, nayo ni sumu. Tuliona haya, na mpaka leo tunaona haya.

OMBI LETU

Leo amezamisha kipande cha mwisho tulicho nacho. Kikiharibika, tanuri litazimwa na chumba kitakuwa stoo, tumeshaambiwa. Ratiba inasema ukate utepe sasa. Lakini asubuhi Mwantum alimngoja Mzee Methusela hapo mlangoni.

"Shikamoo, mzee. Leo naomba mgeni afungiwe mlango."

"Marahaba," akasema mzee. Akatoa ufunguo mfukoni, akampa.

Mgeni rasmi, chai iko tayari. Tunakuomba ukae nasi, na mkasi ubaki mezani. Mlango utafunguliwa kutoka ndani, na utepe ataukata Mwantum kwa kifua chake akitoka. Na kama atatoka mikono mitupu, tunakuomba umpe mkono vilevile.

Mungu akubariki wewe na safari yako, na autulize upepo kwa saa hii tu.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Maabara ya Utando wa Ganeti, Nzuguni.
Imesomwa kwa sauti ya chini na Hilda, kwa niaba ya wote, pamoja na aliye ndani.