Mama Kwa Mfano Anaondoka kwenye Dawati la Maelezo

Baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi katika Shirika letu la Simu, Mama Kwa Mfano anastaafu rasmi leo Ijumaa, tarehe thelathini, saa kumi alasiri. Kamati ya maandalizi imemwomba mwandishi wa wasifu huu, aliyekuwa mkuu wake, aandike maneno machache ya furaha kwenye programu hii ya hafla. Amechaguliwa kwa kuwa wenzake wa enzi zile wote wameshatangulia, na yeye mwenyewe, kwa maelezo ya daktari, yuko kwenye foleni hiyo hiyo na amekaribia dirishani.

Jina halisi la mstaafu lipo kwenye kitambulisho chake, lakini hakuna anayelitumia. Hili la Kwa Mfano alipewa na wateja, kwa sababu hajawahi kujibu swali bila kuanza na maneno hayo mawili. Wakuu wa idara humwita hivyo. Hata mume wake, akipiga simu ofisini kumuulizia, humwita hivyo.

Dawati lake liko kushoto kwa mlango mkuu, kati ya tangi la maji ya kunywa na benchi la kusubiri. Hapo ndipo nusu ya mji ilipojifunzia maana ya maneno ambayo sisi mafundi tuliyaleta bila maelezo.

Fundi cherehani mmoja alikuja amekasirika. Kila akifungua barua pepe anaambiwa seva haijibu, naye alitaka kujua huyo Seva ni nani na kiburi amekitoa wapi.

"Kwa mfano, baba, una shangazi mwenye sufuria kubwa," akaelezwa. "Mtaa mzima unaazima kwake. Hana kazi nyingine, ni kuombwa na kutoa. Leo wamekwenda watu mia kwa pamoja. Hajakukatalia, baba. Hajakufikia tu."

"Na akiwa ameugua?"

"Hapo ndipo tunasema seva imeanguka."

"Pole yake," akasema fundi, akakaa kwenye benchi kusubiri apone.

Mwalimu mmoja alilalamika kwamba intaneti ya nyumbani kwake huwa nzito kila jioni. Aliulizwa jioni wako wangapi. Saba. "Kwa mfano mlango wenu, dada. Mkipita mmoja mmoja, hakuna shida. Sasa mnatoka wote saba mara moja, na mmoja kabeba godoro. Nani anaangalia sinema?" Mwalimu akajibu ni shemeji yake. "Basi shemeji ndiye mwenye godoro." Shemeji huyo alihama mwezi uliofuata. Shirika halikuhusika.

Kuhusu kache, aliwaeleza watu kwamba kivinjari huweka karibu sura ya ukurasa uliowahi kuutembelea, ili kisiufuate tena mbali. Kwa mfano mama mkwe: alikuona siku ya harusi, na mpaka leo anakusimulia ulivyokuwa siku ile. Kufuta kache ni kumlazimisha akutazame upya. Muuguzi aliyekuwa anaelezwa alifikiri kidogo, akasema kwa upande wa mama mkwe wake angependa kache ibaki.

Lakini neno alilolieleza vizuri kuliko yote ni nakala ya akiba. Mteja akijisifu kwamba picha zake anazo mara mbili, huulizwa ziko wapi. Zote humu humu kwenye simu. "Kwa mfano simu ikidumbukia chooni, zinadumbukia ngapi?" Zote. "Basi huna akiba, mwanangu. Nakala ya akiba ni ile inayolala nyumba nyingine."

Watu hudhani aliyapata haya kozini. Hapana. Inabidi nieleze alikoyapata, na hapa naomba kamati iniwie radhi, kwa kuwa siwezi kuendelea kujiita mwandishi wa wasifu huu.

Mama Kwa Mfano hakuajiriwa kukaa mlangoni. Miaka yake kumi na mmoja ya kwanza alikuwa opereta wa chumba cha kompyuta, na alikuwa opereta bora niliyepata kumsimamia. Kila alasiri alinakili orodha ya wateja wote kwenye utepe wa sumaku, na tarishi akaupeleka utepe huo kwenye ghala letu ng'ambo ya barabara. Kisha tepe zikawa haba, na mashine mpya ikaja na diski kubwa. Nikamwambia aache utepe, nakala aiweke ndani ya mashine ileile. Alinijibu, kwa adabu, kwamba haoni faida yake. Nikamwambia faida nitaiona mimi. Sikuandika agizo hilo popote. Yeye, kwenye daftari la zamu, aliandika kila siku: nakala imetolewa.

Jumanne moja, saa tatu asubuhi, diski ikakwama. Ilikwama na orodha, na nakala ya orodha. Kwa wiki tatu Shirika la Simu halikujua namba ipi ni ya nani, na makarani wakagawana kazi ya kuwapigia wateja elfu nne kuwauliza wao ni akina nani. Mteja mmoja alijibu kwamba hata yeye amekuwa akijiuliza.

Ikaundwa kamati ya uchunguzi. Mama akaeleza nilivyomwagiza. Mwenyekiti akanigeukia. Nikasema, "Sikumbuki kutoa agizo hilo." Nilikuwa nakumbuka hata rangi ya shati nililovaa.

Alipewa barua ya onyo kwa uzembe, akahamishiwa mlangoni. Mimi nilipandishwa cheo mwaka uliofuata. Aliomba mara nne kurudi chumba cha kompyuta, na mara zote nne alikataliwa kwa sababu ya barua ile. Majibu matatu yana sahihi yangu. La nne nilikuwa likizo.

Mwezi uliopita nilimwomba aje nyumbani. Alikuja Jumamosi, akakaa kwenye kiti pembeni ya kitanda, akamshukuru mkwe wangu kwa chai. Nikamweleza yote. Alinisikiliza bila kunikatiza, kama anavyomsikiliza mteja.

"Umeshamwambia nani mwingine, mzee?"

"Wewe tu."

"Wewe unajua na mimi najua. Na mimi nilikuwa najua tangu zamani." Akaweka kikombe chini. "Hali yako ndiyo hii. Ukiondoka na siri hii, faili langu litasema nini?"

"Litasema uzembe."

"Sasa kaandike. Nakala moja ofisi ya utumishi, moja popote watu watakapoisoma."

Nimeandika. Ofisa utumishi alikuja na muhuri wake mpaka kitandani, akaniuliza kama nina ushahidi. Nikamwambia ushahidi ulikuwa kwenye diski, shahidi aliyebaki ni mkosaji mwenyewe. Alitafakari, akagonga muhuri. Barua ya onyo imeondolewa kwenye faili siku ya Jumatano. Cheti cha utumishi kilichokuwa kimechapwa, chenye miaka ishirini na mitano ya mlangoni peke yake, kimechanwa. Atakachokabidhiwa leo kinaanza na mstari huu: Opereta, chumba cha kompyuta, miaka kumi na mmoja, utumishi usio na dosari. Nawaomba mnaoshika programu hii mkononi mfanye jambo moja: nendeni nayo nyumbani, msiitupe ukumbini.

Mama Kwa Mfano, wenzako wanakushukuru kwa subira, kwa maelezo, na kwa kutomcheka mteja hata mmoja mbele yake. Shirika linakutakia afya, na jioni zisizo na foleni.

Uliniomba nisiandike kwamba umenisamehe, kwa kuwa bado unalifikiria. Sijaandika. Lifikirie taratibu, mama. Mwenye haraka ni mimi, na haraka yangu isikusumbue.