Valarie Adongo, Fundi wa Mamboleo Aliyewauliza Maharusi Kuhusu Damu Yao

Valarie Adongo Wakhungu, tuliyekuja kumsindikiza leo, alizaliwa Usenge tarehe 14 Machi 1989, akimfuata pacha wake Opiyo. Baba yake, Mzee Gordon Nyawade, alikuwa mnunuzi wa samaki ufuoni; mama yake, Mama Maximilla Awuor, alianika omena, dagaa wa ziwani. Opiyo alifariki kabla ya kutimiza miaka mitatu, viganja na nyayo zikiwa zimevimba na macho yamegeuka manjano. Majirani wakasema mila za mapacha hazikutimizwa. Wengine walimtaja bibi mmoja wa pale pale kuwa ndiye aliyemloga, ambaye hadi leo hajaombwa msamaha.

Vidole vya Adongo vilipoanza kuvimba vile vile, Mama Awuor alikataa kwenda kwa mganga, akampeleka hospitali ya Kisumu. Hapo, mwaka 1995, damu ya mtoto ikapimwa na ugonjwa ukapata jina: selimundu. Chembe nyekundu za damu hujipinda kama mundu, zikakwama kwenye mishipa na kuleta maumivu makali. Tena hufa upesi, mtu akabaki na upungufu wa damu. Daktari alieleza kwamba kila mzazi alibeba nusu ya ugonjwa bila kuumwa, na mtoto aliyerithi nusu zote mbili ndiye anayeugua. "Katika ukoo wetu hakuna damu kama hiyo," Mzee Gordon alisema. Akapimwa, ikapatikana. Suala la ukoo hakulirudia tena.

Adongo alisoma shule ya msingi Usenge, kisha shule ya bweni upande wa Bondo, akamaliza kidato cha nne mwaka 2007, mwaka mmoja nyuma ya wenzake kwa sababu ya kulazwa mara kwa mara. Asubuhi moja ya baridi, mwalimu wa michezo alimkuta amejikunja kitandani akamwambia anajifanya. Adongo alimjibu, "Mwalimu, ningekuwa najifanya ningechagua siku ya hesabu. Michezo mimi naipenda." Aliadhibiwa kwa ujeuri. Mchana alipelekwa hospitali.

Alijifunza ushonaji Kisumu, akaanza na cherehani moja katika chumba cha kupanga Nyalenda, na mwaka 2012 akafungua duka Mamboleo. Nguo zake za harusi zilijulikana mpaka Bondo. Jambo lingine lililojulikana ni swali lake. Kabla ya kumpima bibi harusi kiuno, aliuliza, "Nyinyi wawili mmepimwa damu?" Wengi walidhani anauliza habari ya virusi vya ukimwi, wakajibu ndiyo kwa fahari. Ilibidi aeleze upya. Alieleza kwa miaka kumi na mitatu, na aliwahi kumwambia mumewe kwamba watu watauliza rangi ya kitambaa cha meza mara ishirini, lakini damu ya watoto wao hawaulizi hata mara moja.

Bibi harusi mmoja, Akinyi, alipoletwa dukani na shangazi yake na kuulizwa swali hilo, shangazi huyo alikasirika. "Wewe ni fundi ama daktari?"

"Mimi ni mgonjwa, Mama," Adongo alisema. "Ufundi ni kazi tu."

Akinyi na mchumba wake Sydney walikwenda kupimwa, wakakuta kila mmoja amebeba nusu. Adongo hakuwaambia waachane. Aliwaambia waingie kwenye ndoa wakijua, kwamba kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuugua, na kwamba kila mtoto apimwe mara tu anapozaliwa. Walioana. Binti yao wa pili alipatikana na ugonjwa akiwa mchanga, akaanzishiwa dawa mapema. Leo yuko shule, na wazazi wake wako hapa.

Kwa upande wake mwenyewe, mchumba wake wa kwanza, Byron, alikataa kupimwa, akisema mapenzi hayapimwi kwa sindano. "Sindano atadungwa mtoto," Adongo alimwambia, na uchumba ukaishia hapo. Nicodemus Wakhungu, fundi wa magari kutoka Bungoma, hakungoja kuulizwa mara mbili. Alipimwa, akakutwa hana hata nusu. Maana yake watoto wao wangebeba nusu moja tu, wasiugue. Walifunga ndoa tarehe 5 Desemba 2015. Griffin alizaliwa mwaka 2017, baada ya mimba ngumu iliyohitaji kuongezewa damu.

Adongo alimeza vidonge vyake kila siku, akanywa maji mengi na kujikinga na baridi. Mhubiri mmoja alimtaka aache dawa ili aonyeshe imani. Alimjibu kwamba imani anayo, na ndiyo inayomsaidia kuvumilia wahubiri. Kilichomchosha zaidi ni kuambiwa haonekani mgonjwa. Na familia iruhusiwe kusema hili: damu ya kumwongezea ilipotafutwa mwaka jana, waliojitokeza kuitoa walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Leo viti havitoshi.

Jumapili tarehe 6 Julai 2025 alishikwa na homa na maumivu ya kifua. Katika kituo cha kwanza mhudumu alisema, "Huyu nimemzoea. Anatafuta sindano ya maumivu." Wakhungu alimsihi, "Sikiza kifua chake, bwana. Usiangalie uso." Waliketi kwenye benchi hadi jua likatua ndipo wakapewa barua ya kwenda hospitali kubwa. Huko walimpa oksijeni na damu, na walijitahidi kweli, lakini mapafu yalikuwa yameshaharibika. Jumatatu alimwambia wifi yake Nakhumicha, "Griffin akikua, mwambieni amuulize msichana kabla hajampenda. Baada ya hapo hakuna anayesikia." Alifariki Jumanne tarehe 8 Julai, asubuhi, akiwa na miaka thelathini na sita. Hakulogwa. Familia inaomba neno hilo lisitamkwe katika boma hili.

Ameacha mume wake Nicodemus Wakhungu, mwana wao Griffin, wazazi wake Mzee Gordon na Mama Awuor, kaka yake Calvince, wifi yake Nakhumicha, na maharusi wengi aliowavisha.

Mungu ampokee Adongo na ampumzishe kwa amani, mahali ambapo akisema anaumwa ataaminiwa.