Sifuri kwa Kumi

TOKUJI: Haloo? Nani mwenzangu?

CHIZURU: Ni mimi, Baba. Chizuru. Napiga kutoka Sendai.

TOKUJI: Chizuru yupi?

CHIZURU: Kwani una mabinti wangapi?

TOKUJI: Mmoja. Tangu arusi yake hajanipigia.

CHIZURU: Arusi ambayo hukuja. Shikamoo.

TOKUJI: Marahaba. Barua yako nimeipata. Mtoto wa kiume.

CHIZURU: Umemwona? Ile anwani niliyokuandikia ni ya kamera. Daichi ameifunga juu ya kitanda cha mtoto.

TOKUJI: Wiki nzima nafungua. Ukurasa mweupe pe. Nikajua huyo mumeo Daichi ananicheza shere.

CHIZURU: Hapana, Baba. Kamera inatumia anwani za mtandao za mtindo mpya. Labda kivinjari chako kinazijua za zamani tu. Nimekutumia ukurasa wa kukipima. Ubonyeze.

TOKUJI: Nimebonyeza. Kinazunguka... kinazunguka... (mkwaruzo wa simu) Sifuri.

CHIZURU: Sifuri ngapi?

TOKUJI: Sifuri kwa kumi! Miaka thelathini na minane nimefundisha hesabu hapa Tottori, leo napewa sifuri? Amesahihisha nani?

CHIZURU: Si wewe, ni kivinja—

TOKUJI: Swali lenyewe sijaulizwa!

CHIZURU: Baba. Kuna mtu kaigusa kompyuta yako?

TOKUJI: Hakuna. Ila bwana Oshita wa jirani. Aliniwekea kitu cha kuzuia matangazo.

CHIZURU: Kina picha gani?

TOKUJI: Ngao. Pale juu, kulia.

CHIZURU: Ndicho hicho. Kinakupitisha njia yake, na njia hiyo haina anwani mpya. Kizime.

TOKUJI: Oshita atanuna.

CHIZURU: Mwache anune. Kizime, upime tena.

TOKUJI: Ngoja miwani... kinazunguka... Kumi.

CHIZURU: Kumi kwa kumi?

TOKUJI: Ulitarajia ngapi?

CHIZURU: (anacheka) Basi fungua kamera.

TOKUJI: (kimya kirefu)

CHIZURU: Haloo? Baba, upo?

TOKUJI: Ongea polepole. Amelala.

CHIZURU: Hakusikii wewe. Mimi niko jikoni.

TOKUJI: Masikio ya mama yako hayo. Yote mawili.

CHIZURU: Hata Daichi kasema, alipoiona picha ya Mama.

TOKUJI: Anajua kufunga kamera, huyo Daichi.

CHIZURU: Anajua na kupika.

TOKUJI: Blanketi limemtoka mguuni.

CHIZURU: Naenda kumfunika.

TOKUJI: Chizuru. Kile kiti kando ya kitanda, anakaa nani?

CHIZURU: Hakuna. Tulikiweka tu.

TOKUJI: (mkwaruzo) ...betri ya simu hii inakwisha. Msikiondoe.

CHIZURU: Nini? Sikusikii vizuri, Baba.

TOKUJI: Kiti! Msikiondoe. Kesho treni ya asubuhi inaondoka saa—

CHIZURU: Saa ngapi? Haloo? Baba?