Jicho la Bi Gerlinde

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu, leo sina utani. Bi Gerlinde Pfister wa hapa kwetu Nuremberg ametutoka. Alikuwa na miaka themanini na mmoja, na jicho moja. Leo nawaambia lile la pili lilikwenda wapi.

Bi Gerlinde alikuwa akiwapokea wageni wa jiji. Hakuajiriwa na mtu, kiherehere chake tu! Mwaka 1993 alimpokea Senad, mkimbizi kutoka Bosnia, akamfundisha kuishi. Jumapili usitoboe ukuta, jirani atakuitia polisi. Soseji zetu ndogo huliwa tatu ndani ya mkate, kwa haradali.

"Mama, hizi si nguruwe?" Senad akauliza.

"Ni nguruwe, mwanangu. Wewe kula mkate na haradali, soseji zako niachie mimi."

Alimfundisha yote, akasahau moja. Kila baa yetu ina meza ya wenyewe, walewale miaka nenda rudi, na mwingine haikalii. Jumamosi moja mchana waliingia baa, Bi Gerlinde akaenda kunawa mikono. Senad akaona meza tupu, akaketi.

Wenyewe wakaingia, wanne. Mbele yao Lothar, mdogo wake Bi Gerlinde, baba mmoja mama mmoja.

"Toka hapo, mbwa we!"

Senad akadhani ni mzaha, akatabasamu. Masikini! Wakamkamata nywele, wakampigiza uso mezani. Pua ikavunjika. Akaanguka, wakamkanyaga mbavu kwa mabuti. Wanne kwa mmoja. Nasema tena, wanne kwa mmoja, na hakuna aliyeinuka kuamua.

Bi Gerlinde akatoka mbio, akamlalia Senad. "Kosa langu! Sikumwambia! Lothar, mdogo wangu, acha!"

Lothar akainua bilauri nzito ya bia, akaishusha. Jicho likapasuka.

Mahakamani Lothar aliapa kwamba alimlenga mgeni, dada yake hakumwona. Mama yao akalia: "Gerlinde, mwokoe mdogo wako. Damu ni nzito kuliko maji."

"Jicho langu nimelisamehe, mama," akajibu. "Mbavu za Senad si zangu kuzisamehe."

Akawataja wote wanne. Lothar alifungwa miaka miwili.

Jana Lothar alinipigia simu, mzee wa miaka sabini na sita. "Kaseme redioni," akaniambia. "Nilimwona. Aliniita, nikageuka, nikamwona, nikapiga."

Nikamuuliza: dada yako alijua?

"Alijua. Nilipotoka jela alinipokea langoni. Kila Krismasi aliniletea keki. Hakuniuliza hata siku moja."

Poleni, jamaa wa Pfister. Pole, Senad, uliyemlisha Bi Gerlinde kwa kijiko mpaka siku ya mwisho. Mwana hazaliwi na tumbo peke yake. Nasi tutafakari, wasikilizaji wapendwa. Kama kuna neno unalomficha mtu wako, mwambie leo. Lothar amelisema la kwake mbele ya jiji zima, na aliyelingoja miaka thelathini tumemzika asubuhi.