Jina la Mwenye Kiwanja

Mheshimiwa Sheikh Himid, mgeni wetu rasmi, ambaye Kiswahili umezaliwa nacho Unguja ila unakisahau kila siku mpaka saa za kazi ziishe. Masheikh na wazee wetu mliokaa mbele. Mabwana mliotoka Sur na Nizwa. Na nyinyi mabibi wenzangu mliokaa nyuma kabisa, ndani ya ukumbi ambao, nakukumbusheni, umejengwa kwa ajili ya wanawake: Assalaam alaykum warahmatullah. Na walionizidi umri, shikamooni. Mmebaki wachache, hatutachelewa.

Mshereheshaji wetu Khalaf, mtoto wa mdogo wangu, amenikaribisha kwa jina la Mama Yazan. Ahsante, mwanangu. Yazan ni kifungua mimba wangu, yuko Maskati, na leo hakuja. Mie nimesomesha tarikh, yaani historia, hapa Ibra na kule Nizwa mpaka nikastaafu, na ndevu nyingi ninazoziona hapo mbele nilizisomesha kabla hazijaota. Lakini aliyeitwa kuzungumza nanyi ni mama wa mtu ambaye hayupo. Haya, tuendelee.

Tumekusanywa kwa mambo mawili. La kwanza, binti wa mdogo wangu Asaad amerudi kutoka Scotland na shahada ya udaktari wa tarikh. La pili, tunaufungua ukumbi huu, na jina lake liko kwenye ubao ule pale juu, chini ya kitambaa cha kijani, ambacho mie nimepewa heshima ya kukivuta.

Kadi mmeziona. Karatasi nzito, maandishi ya dhahabu: Sheikh Asaad anakualikeni kwenye hafla ya karima yake. Karima, yaani binti yake mtukufu. Mtukufu hata jina hana! Najua, ndiyo ada yetu, kadi za harusi huandikwa hivyo, jina la bibi harusi likabaki ndani kwa heshima. Mie ada siichezei. Lakini tumevuna nini? Bi Shurooq amefunga safari kutoka Sur na chetezo kipya na udi wa kumfukizia bibi harusi, akaninong'oneza mlangoni, "Mama Yazan, bwana harusi mtu wa wapi?" Nikamwambia bwana harusi hakuna, ni shahada. Akautazama ule udi wake, maskini, kwa masikitiko. Na kuna bwana mmoja, simtaji, kwani na yeye ana heshima zake, amempongeza sana Aseel kwa kusoma Ulaya. Aseel ni mdogo wa huyo mwenye shahada. Akazipokea pongezi, mtoto ana adabu. Ulaya hajafika, hata leseni ya gari bado anaihangaikia.

Mwenye shahada anaitwa Shukriya. Simama, mwanangu, wakuone. Huyo.

Na mnajua amesomea nini? Vyeo vya mabibi wa Scotland, zama za wafalme na mangome. Alimuradi baba yake amemlipia nauli mtoto akasome jinsi wanawake walivyokuwa wakitajwa kwa majina na vyeo vyao, kisha akaja kumsherehekea kwa kadi isiyomtaja. Mtu akitaka kufanya hivyo kwa makusudi hawezi!

Ngojeni nikusimulieni kidogo, mwalimu hastaafu mdomo. Huko kulikuwa na watawala wa majimbo, tuseme kama mawali, ila cheo chao kilirithiwa pamoja na ardhi. Baba akifa hana mtoto wa kiume, kikaweza kwenda kwa binti, naye akaitwa kauntesi kwa haki yake mwenyewe. Akiolewa, mume ndiye anayepata cheo kupitia kwa mke. Mabwana, msikohoe, ni Scotland. Alikuwako mmoja, Marjorie, kauntesi wa Carrick. Inasimuliwa kwamba alikutana na kijana akiwinda, akampenda, akamchukua mpaka ngomeni kwake, na hakumwachia mpaka kijana alipomwoa. Wataalamu wanabishana kama ndivyo ilivyokuwa, na Shukriya ni mmoja wa wanaobisha. Lisilo na ubishi ni kwamba yule kijana akawa mtawala wa Carrick kwa sababu ya mkewe, na mtoto wao akaja kuwa mfalme.

Mfalme huyo alipotawazwa, aliyemkalisha kitini alikuwa mwanamke, Isabella, kauntesi wa Buchan, kwa kuwa haki ile ilikuwa ya ukoo wa baba yake. Mfalme wa Kiingereza akamghadhibikia, akaamrisha atiwe ndani ya tundu, kama ndege. Na hata amri ile ya kumtia tunduni ilimtaja kwa cheo chake. Adui yake! Sisi tunawapenda mabinti zetu, na tunashindwa na kadi.

Tunajisifu kwamba mwanamke wetu habadilishi jina akiolewa. Kweli, halibadilishi. Tunamfichia tu.

Sasa nije kwenye ubao. Asubuhi mafundi walipoupandisha nilikuwa nimesimama chini, nikausoma. Umeandikwa: Ukumbi wa Mama Asaad. Nisimsifu mno mgema, lakini mdogo wangu amefanya kazi, amejenga, ameleta viyoyozi, Mungu amlipe. Lakini kiwanja hiki ni cha nani? Hapa palikuwa na mitende na zamu ya maji ya mfereji wa falaji, mama yetu alivirithi kwa baba yake. Tulipokuja kutoka Unguja hatuna kitu, mitende hii ndiyo iliyotulisha, na kabla hajafariki akasema kiwanja kiwe cha wanawake, wapate pa kukutania. Kwa hiyo yeye ametoa ardhi, na jina limetolewa na mwanawe. Hata wale Waskoti wangetushangaa.

Limeniuma, na nasema mbele yenu kwamba limeniuma.

Mtu akiugua, tukamwendea mwalimu wa chuoni kuandikiwa kombe, zile aya za kuoshwa na kunywewa, la kwanza anauliza jina la mama. Hapo tunalitaja upesi! Mwalimu analijua, majini wanalijua, jirani ndiye asiyelijua.

Asaad, mdogo wangu, najua kwa nini. Ulikuwa na miaka minane, wenzako wa skuli wakalipata jina la mama, wakalipigia kelele njia nzima mpaka mlangoni kwetu, ukaingia ndani unalia. Naye alikuwa anapepeta mchele. Unakumbuka alivyocheka? Alikwambia, "Si jina langu? Baba yangu alinipa niitwe. Waambie waite tena, nisikie." Wewe ukaziba masikio. Hujayazibua mpaka leo, na ndevu zimekwisha kuwa nyeupe.

Basi kitambaa mie sikivuti. Khalaf, mpelekee baba yako kipaza sauti. Asaad, wako hapa masheikh, yupo mgeni rasmi, wapo watu wa Sur na wa Nizwa. Waambie mama yetu anaitwa nani.

Tunakungoja.

Hapana, baba, usimnong'oneze Sheikh Himid. Tuambie sote.

...

Khole. Mmesikia huko nyuma? Khole binti Musallam. Amesema mwenyewe, kwa mdomo wake, na paa halikuanguka. Ahsante, mdogo wangu. Futa machozi, hapana aliyekucheka.

Mafundi, uteremsheni ubao na kitambaa chake, kesho urudi ukaandikwe upya. Bi Shurooq, washa ule udi wako, umepata pa kuufukizia.

Mheshimiwa, wazee, mabibi, nakushukuruni kwa kunivumilia na kunisikiliza. Aliyekuwa akizungumza nanyi ni Mahfudha, mtoto wa Khole.