Hakuhama

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la utani la Mikono Chini, alizaliwa tarehe 4 Machi 1958, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya karani wa posta, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili, na wa pili ndiye huyu anayewasomea.

Alianza shule ya msingi Januari 1966, akawa hodari wa hesabu na hodari zaidi wa maneno, jamani, dada huyu alikuwa hashindiki kwa mdomo, hadi Jumatatu ya tarehe 12 Juni 1972, akiwa darasa la saba, ilipotoka amri kwamba kila mwanafunzi aipigie bendera saluti, naye akasimama wima, kimya, mikono chini, kisha akamweleza mwalimu mkuu kwa adabu kwamba bendera anaiheshimu, ila imani ya nyumbani kwao haimruhusu kumtukuza yeyote isipokuwa Mungu. Mdogo wake alikuwa nyuma yake mstarini, akapiga saluti kwa woga, na aibu ile anayo hadi leo. Dada alifukuzwa siku hiyohiyo, ikiwa imebaki miezi mitano afanye mtihani, na kwenye daftari la wanafunzi, mbele ya jina lake, likaandikwa neno moja, amehama. Neno hilo lilimuuma kuliko kufukuzwa kwenyewe, maana alihamia wapi, alikuwa akiuliza, na nyumba yao inapakana na ukuta wa shule?

Mwaka 1973 alijifunza cherehani, mwaka 1979 akafungua duka lake, na Mungu si Athumani, shule ileile ikamletea kazi ya kushona bendera, akazishona miaka thelathini, pindo mara mbili ili upepo usizichane, na kila alipopeleka mpya aliuliza kama lile neno limeshafutwa, akaambiwa njoo kesho.

Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa na fundi viatu wa duka la jirani, aliyekaa na viatu vya dada miezi minne akidai gundi haijakauka, wakajaliwa binti mmoja, aliyesoma shule hiyohiyo baada ya amri kuondolewa, akasimama mikono chini, na hakuna aliyemuuliza.

Figo zilianza kumsumbua Septemba 2022, akalazwa tarehe 3 Februari 2024, na wiki moja baadaye mwalimu mkuu yule, mzee anayekaribia miaka tisini, aliingia wodini na fimbo yake, daftari la zamani kwapani, akalikata lile neno kwa mkono wake, akaandika kwamba alifukuzwa bila kosa, akaomba msamaha. Dada alisoma mara mbili, akamsamehe, akamwambia mwandiko wake umeharibika, wakacheka wote wawili. Alifariki tarehe 19 Februari, saa mbili asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, mafundi wenzake, na mwalimu mkuu aliyekaa pale mbele. Mdogo wake ana ombi moja, kwamba tutakaposimama kumuaga, tusimame mikono chini, naye safari hii atasimama hivyohivyo, ingawa amechelewa miaka hamsini na ushee.

Dada, hukuhama. Pumzika kwa amani.