Vikopo Thelathini na Nane vya Karafuu

Baraza ya nyumba yetu hapa Malindi, Unguja, hukaliwa kila siku baada ya alasiri na watu watatu: baba yangu Mzee Bakar; Ubwa, aitwaye Redio kwa sababu hazimiki; na Mabrouk, mpakiaji wa bandarini, aitwaye Kreni. Mimi hupika kahawa na kuwatolea. Jumamosi ile nilisimama nyuma ya mlango, birika mkononi, nikashindwa kutoka, kwa sababu waliyekuwa wakimtetea ni mimi. Nimo katika mazoezi ya ualimu kutoka chuoni Tunguu, na wiki nzima nimesomesha darasa la tatu somo la kuota kwa mbegu. Jumatatu niliwapa watoto karafuu kavu, kila mmoja yake, wazipande katika vikopo thelathini na nane. Mpaka Ijumaa haikuota hata moja. Baba akaipeleka habari barazani kama nilivyomsimulia.

— Maji hayo, alisema Kreni. Maji ya mfereji ya huku yana chumvi. Mimi nikikoga ngozi inababuka, seuze karafuu.

— Si maji, ni dirisha, alisema Redio. Wahenga wamesema, mchumia juani hulia kivulini. Karafuu kachumwa juani, basi chakula chake ale kivulini. Wao wamemweka dirishani!

— Dirisha la darasa lile halipati jua hata kidogo, alisema baba.

— Basi ndo hivo, kivuli kimezidi.

— Yakhe, we hushindwi! alisema Kreni.

— Nyie siri hamuijui. Redio akashusha sauti. Karafuu zote za dukani zimeshachemshwa. Zinapita melini, wanunuzi wa ng'ambo wanazichemsha, kisha zinarudishwa. Hawataki tuzioteshe.

— Mimi nnapakia magunia mwaka wa kumi na tisa, sijaona gunia la karafuu likirudi.

— Utaonaje, na gunia liko kichwani?

Baba alicheka. Kisha akasema lile nililokuwa nikiliogopa.

— Mimi naona ni ulimi wa mtoto mmoja wa darasani. Nadra kanambia, Jumatatu tu, hata maji hayajatiwa, kitoto kimesimama: "Mwalimu, hizi haziwezi kuota." Kaweka kisirani.

— Husda hiyo! alisema Kreni.

— Samaki mkunje angali mbichi, alisema Redio. Karafuu kavu hakunjiki tena, lakini mtoto anakunjika. Nadra kamfanya nini?

— Kamsimamisha nyuma ya darasa mpaka kengele.

— Kamuonea huruma.

Sikuwa nimemwambia baba maneno yote ya yule mtoto. Alisema, "Hizi maua, mwalimu, hayajachanua." Nami nikamuuliza, "Maua gani haya, nioneshe," na darasa zima likamcheka. Kufika Jumatano walikuwa wanamwita Bi Maua. Na Jumanne, baada ya magharibi, nilikuwa nimeshafungua kitabu, ukurasa wa mia na kumi na mbili: karafuu ni tumba la ua, huchumwa kabla ya kuchanua, mbegu hupatikana katika tunda, tumba likiachwa mtini. Nilikifunga kitabu. Asubuhi niliwaambia watoto wamwagilie.

— Assalamu alaykum.

Nilichungulia barazani: alikuwa mtu mzima, kofia mkononi, viatu vina udongo mwekundu.

— Waalaykumu salaam. Karibu kahawa.

— Ahsanteni. Nnaitwa Makungu, nafanya kazi shamba la mikarafuu, Kizimbani. Nnamtafuta mwalimu Nadra, nimeelekezwa hapa. Mwanangu Mwanamwema anakaa kwa shangazi yake hapa mjini, anasoma darasa la tatu. Jana kapanda gari peke yake, karudi shamba. Anasema skuli basi. Nataka kujua kakosa nini.

Kreni alimtazama Redio. Redio alimtazama baba.

— Nadra!

— Naam, baba.

Nikatoka.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mwanangu. Ndo wewe?

— Ndiye mimi. Mwanamwema hakukosa kitu. Kasema kweli, mimi ndo sikujua.

Baba alinigeukia.

— Hukujua nini?

— Karafuu si mbegu, baba. Ni ua.

— Ua? alisema Kreni. Miaka kumi na tisa nnabeba maua?

Redio alicheka. Makungu hakucheka.

— Kutojua si kitu, mwanangu. Wangapi mjini hawajui. Umekuja kujua lini?

— Jumanne, baada ya magharibi.

Aliivaa kofia yake.

— Ntamwambia mwalimu kasema hukukosa. Lakini namjua mwanangu, ataniuliza, basi nipe la kumjibu. Jumatano, Alkhamis na Ijumaa, mlikuwa mnamwagilia nini?

Baba aliinamia kikombe kitupu. Siku zile tatu nilikuwa nazo zote kichwani, kwa saa na dakika, na nani alimwaga maji kiasi gani katika kikopo kipi. Nikaitua birika, nikaanza na Jumatano.